Folda ya Njiku

Nyumba ya Mgao ilikuwa na mazoea yake, na zoea kubwa kuliko yote lilikuwa kufagia. Si kufagia sakafu, sakafu ilikuwa na mashine yake. Kila Ijumaa baada ya chai, wafanyakazi waliacha kila kitu wakafagia folda. Programu zilizotapakaa walizirudisha mahali pake, zilizozeeka wakazitia Kumbukumbu, zenye majina ya ovyo wakazipa majina ya heshima. Skrini zikang'aa, roho zikatulia, watu wakaenda nyumbani wakijiona wamefanya kazi. Ukitaka ugomvi na mtu wa ofisi ile, mwambie tu kwamba folda yake ina vurugu.

Siwema Mghenyi ndiye aliyekuwa mpangaji mkuu. Mafundi wa visima walimwita mama kabati, naye hakukasirika, maana alilipenda kabati lake. Alikuwa mwanamke wa kunyoosha vitu: picha ukutani, kola ya mtoto wa watu, mstari kwenye skrini. Ndani ya folda zake kulikuwa na kila mtaa na kila kijiji cha ukanda ule mkavu, kila kimoja na programu yake iliyojua wakazi ni wangapi, tangi lina maji kiasi gani na nani ana mgonjwa nyumbani. Alfajiri mashine iliyoitwa Mgawaji ilizisoma programu hizo, ikafungua mabomba. Hakuna mkono wa mtu uliogusa koki tangu ukame uwe ndiyo hali ya kawaida.

Ijumaa hiyo alikuwa katikati ya folda ya Shule wakati Gwandu, mlinzi wa getini, alipopanda ngazi hadi juu. Gwandu hakuwa mtu wa ngazi. Alisimama mlangoni akihema, kofia mkononi.

"Dada Siwema, kuna mama pale chini ananitoa jasho."

"Anataka nini?"

"Anataka kuingia. Tatizo ni kwamba hayupo."

"Hayupo vipi na unasema yuko chini?"

"Geti ndilo linasema. Anaweka kidole gumba, linamjibu mkazi huyu hayupo. Nikampeleka kwenye mashine ya malalamiko, nayo ikamjibu hivyohivyo. Sasa amekaa chini katikati ya njia. Anasema kama hayupo basi hajaziba kitu, magari yapite tu juu yake."

Ofisi nzima ilicheka. Siwema naye alicheka, kisha akashuka, si kwa huruma hasa. Kilichomkera ni kwamba kuna kitu mahali fulani hakikuwa kwenye folda yake.

*

Upepo wa Agosti ulikuwa unapuliza vumbi kutoka kwenye majabali. Mwanamke aliyekaa mbele ya geti alikuwa wa makamo, kanga moja kiunoni na nyingine ameivuta hadi puani. Pembeni yake kulikuwa na dumu tupu. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na miguu ilikuwa na vumbi jeupe hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe unaniona?"

"Nakuona."

"Afadhali. Nilianza kujishika shika." Hakucheka. "Mimi ni Mama Kingu, natoka Isakama. Mpishi wa shule."

Siwema alimpa chupa yake ya maji. Mama Kingu alikunywa mafunda machache, akayamimina yaliyobaki kwenye dumu kwa uangalifu kama anayelaza mtoto. 

"Kunywa yote, mama. Yapo mengine."

"Yapo kwenu."

Kisha akaeleza. Bomba la Isakama liliacha kutoa maji bila kukohoa, bila hata kile kimlio cha hewa. Ukiweka kidole ili kufungua, linakwambia hujulikani. Walidhani ni hitilafu, wakapiga simu ya malalamiko, simu ikawaambia eneo lao halipo. Wakanywa tangi la shule mpaka likaisha. Wakachimba mtoni wakapata matope yenye chumvi, watoto wakaanza kuharisha. Basi la abiria likaacha kusimama kwenye kituo chao. Zahanati ilikuwa na dawa lakini kabati la dawa lilikataa kufunguka kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

"Tumezika," alisema Mama Kingu. "Usiniulize wangapi, maana nilipoondoka walikuwa wanachimba tena."

"Kwa nini hamkuja mapema?"

"Tulituma vijana wawili. Wakarudi, wanasema geti limewafukuza na mlinzi amewaambia wasilete utani. Mimi nimesema nitakwenda na nitakaa." Akamtazama Siwema kwa jicho kali. "Alikuwepo kijana wenu mmoja, Njiku. Mpole. Alikuwa anakuja kwetu kila mwezi, anahesabu mabomba, anakula makande jikoni kwangu. Niitie huyo. Yeye atanijua."

Siwema alichuchumaa mbele yake.

"Njiku amefariki, mama. Malaria ilimpanda kichwani. Tumeshamsomea arobaini."

Mama Kingu alishusha kanga kutoka usoni. "Na sisi hatukuambiwa? Tungekuja kuzika. Isakama nzima ingekuja." Ndipo machozi yakamtoka, machache, kwa ajili ya Njiku.

Siwema aliweka kidole chake mwenyewe kwenye geti, akamwingiza ndani kwa jina lake. Walipokuwa wanapanda ngazi alijua tayari. Alikuwa amejua tangu lilipotajwa jina la Njiku, lakini alitembea polepole, kama mtu anayepelekwa kutambua maiti.

*

Sheria ya folda ni nyepesi: kilichomo ndani hufuata cha nje. Ukiweka programu ndani ya folda, inarithi amri za folda hiyo. Ukiweka folda ndani ya folda, ya ndani inarithi amri za ile ya nje. Bila sheria hiyo, watu wachache wa Nyumba ya Mgao wasingeweza kuongoza programu za ukanda mzima. Folda ya Uhai ilikuwa na amri kwamba kilichomo kisomwe kila alfajiri na kitiiwe kwanza. Folda ya Kawaida, kitiiwe maji yakibaki, na wakati wa kiangazi maji hayakubaki kamwe. Folda ya Kumbukumbu, anayetaka asome, lakini mashine yoyote isitii.

Ndani ya Kumbukumbu ofisi ilikuwa na desturi yake ya pekee. Mfanyakazi akifariki, arobaini yake ikipita, walimfungia folda. Programu zake zote zilikusanywa, zikawekwa pamoja chini ya jina lake, zikafungwa ili mtu asije akazichokonoa. Watu walisema maneno mazuri, mjane au mgane akaguswa bega, chai ikamiminwa. Wageni waliona ni upuuzi. Watu wa ofisi waliona ni adabu, na ukweli ni kwamba ilikuwa adabu nzuri tu, mpaka ilipomfikia Njiku.

Waliotangulia walikuwa wamestaafu au wameugua muda mrefu, na programu zao zilikuwa mahesabu ya miaka iliyopita yasiyomnywesha mtu. Njiku alianguka ghafla, kazi zake zikiwa hai: programu ya maji ya Isakama, ya malalamiko, ya zahanati, ya kituo cha basi, zote alizilea mwenyewe. Mtu alipaswa kuzichambua kwanza. Lakini kupekua vitu vya marehemu, tena mjane wake Tausi amekaa pale na mimba ya miezi ya mwisho, nani angeanza? Siwema alizibeba zote kwa heshima, bila kufungua hata moja, akaziingiza, akafunga. Watu walifuta machozi wakala maandazi.

Alfajiri iliyofuata Mgawaji alisoma folda ya Uhai, hakuiona Isakama, akafungua mabomba ya walioonekana. Hakupiga kengele. Kwake yeye hapakuwa na kosa lolote, kila kitu kilikuwa mahali pake.

Siwema alifungua folda ya Njiku, na programu ya Isakama ikatokea kwenye skrini ikiwa imesimama tuli. Idadi ya wakazi ilikuwa ileile ya siku ya arobaini. Hata kijitaa kidogo cha tangi kilionyesha limejaa. Mama Kingu, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti kilichokuwa cha Njiku, alinyoosha shingo.

"Hao ndio sisi?"

"Ndio nyinyi."

"Mbona tumejaa maji?"

Siwema alijaribu kuirudisha Uhai, ikakataa. Akainuka kwenda kumwita mkuu.

*

Mhandisi Lugome hakuwa mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema kwa sababu atasema maneno mabaya. Alikuwa mzee wa taratibu, sauti ya chini, mkono wa kutuliza. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Alimpa Mama Kingu pole, akamaanisha. Kisha akamvuta Siwema upande wa dirisha.

"Itoe. Irudishe Uhai, sasa hivi. Mgawaji anaweza kusoma nje ya zamu, nitampa amri."

"Nimejaribu, mkuu. Uhai imejaa."

Lugome alifumba macho. Alijua maana yake, yeye ndiye aliyeweka kikomo. Visima vilikuwa na uwezo wao, na ukizidisha hata mtaa mmoja, vinavuta chumvi na vinakufa vyote. Ukitaka kupandisha programu moja kwenye Uhai, lazima ushushe nyingine. Nafasi ya Isakama ilikuwa imechukuliwa, kwa utaratibu na bila hila, na Kambi ya Mbugani, ambako walikuwa wamefika watu waliokimbia bonde lililokauka.

"Basi ishushe Kambi," alisema Lugome.

"Kambi kuna watoto, mkuu."

"Kila mahali kuna watoto. Kambi walikuja juzi, hawakuwa kwenye mpango. Tunarudisha kila kitu kilivyokuwa. Ni kupanga tu, Siwema, hiyo ndiyo kazi yako."

"Ni kupanga tu ndiko kulikowaua wa Isakama."

"Usiseme neno hilo kwa sauti."

"Nikilisema kwa sauti ya chini wanafufuka?"

Hakuwa amewahi kumjibu hivyo, na wote wawili walishangaa.  Kwenye skrini kulikuwa na maneno yaleyale ya upole: Uhai imejaa, chagua ya kushusha. Chini yake yalipangwa majina, na Siwema aliyapitia moja moja. Hospitali. Mitaa ya bondeni. Shule ya bweni. Kambi ya Mbugani. Vijiji ambako hakuwahi kufika ila alivinyoosha kila Ijumaa. Kwa miaka yote aliyaona majina haya kama vikombe kwenye rafu. Sasa kila moja lilikuwa na midomo iliyopasuka.

Akafikiria jambo lililomtisha. Ukimshusha mtu wa Kambi, atakwenda kwenye mashine ya malalamiko, na mashine itamjibu asubiri maji yabaki. Ukishusha kijiji, vilevile. Kosa lililodumu wiki na wiki halikudumu kwa sababu ya ukatili. Lilidumu kwa sababu wenye kiu hawakuwa na pa kupiga kelele. Basi wa kushushwa ni yule ambaye kelele zake zitasikika.

Kidole chake kilikwenda kwenye Majengo ya Watumishi.

"Siwema, hapana," alisema Lugome.

Majengo ya Watumishi ndipo walipoishi wote. Ndipo alipoishi Lugome na mama yake mgonjwa. Ndipo alipoishi Siwema na mumewe na wanawe. Nyumba ya pili kutoka kwake ndipo alipoishi Tausi, aliyejifungua wiki iliyopita na alikuwa bado ndani na kichanga.

"Utamwambia nini Tausi?" aliuliza Lugome. Hakuuliza kwa hila, alitaka kujua kweli. "Mumewe tumemzika. Leo unamfungia na bomba."

Siwema hakuondoa kidole kwenye skrini. "Nitamwambia achote kwangu mpaka pipa liishe. Likiisha tutakwenda wote kwenye kisima cha chumvi. Sisi tuna magari, mkuu, tuna miguu. Tuna namba yako ya simu. Wewe ukikosa maji ya kunawa kesho asubuhi, kile kisima kipya kitawashwa kabla ya adhuhuri. Kimekaa bila pampu tangu masika kwa sababu hakuna mtu wa hapa aliyeona kiu."

"Unanifunza kazi?"

"Nakufunza kiu."

"Naweza kuibadilisha. Nina haki hiyo."

"Unayo. Keti. Itakuuliza umshushe nani badala yetu, na utaweka kidole chako."

Siwema alisimama akampisha kiti. Lugome alikitazama. Mama Kingu, ambaye hakuelewa folda wala kikomo lakini alielewa kabisa kilichokuwa kinazungumzwa, alimtazama Lugome bila kupepesa. Mhandisi alinyoosha mkono kuelekea kwenye skrini, akaurudisha mfukoni.

"Fanya unavyofanya," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka pale pale. Akatoa amri ya kusoma nje ya zamu, kisha akatoka. Kwenye korido walimsikia akipiga simu kwa mafundi wa pampu, akifoka. Hakuna aliyewahi kumsikia Lugome akifoka.

Siwema aliishika Majengo ya Watumishi, akaiburuta chini hadi Kawaida. Akaishika Isakama, akaitoa kwenye folda ya Njiku, akaipandisha. Ilikuwa misogeo miwili midogo ya kidole. Sehemu fulani ya mji, nyuma ya ukuta wenye maua, mwanamke aliyekuwa anaosha nepi aliona maji ya bomba yakipungua, yakikatika.

*

Isakama iliwaka kijani. Ule wingi wa wakazi uliokuwa umeganda tangu arobaini ulifutika, ikabaki sifuri.

"Imewafuta tena!" Mama Kingu aliruka kutoka kwenye kiti.

"Hapana, mama. Inaanza upya. Maji yanafika, watu wanakuja bombani. Kila anayeweka kidole inamhesabu. Tazama."

Walikaa kitako wote wawili. Muda mrefu hakukuwa na kitu, na Siwema alidhani amechelewa kabisa. Kisha ikaja moja. Mtu mmoja huko mbali alikuwa amepita karibu na bomba, amesikia kimlio cha hewa, ameweka kidole bila imani. Ikaja nyingine, zikaja mbili kwa pamoja.

"Wameanza kuitana," alisema Mama Kingu, na kwa mara ya kwanza alicheka, meno yote nje. "Huyo wa kwanza ni Nkungu, wallahi. Yule hata usingizini anasikia maji."

Namba ikapanda mbio. Wafanyakazi waliacha meza zao wakasimama nyuma ya viti, wakasahau kwamba nyumbani kwao hakuna tone. Gwandu alipanda ngazi kwa mara ya pili siku hiyo. Ilipanda kwa makumi, watu wakipiga makofi, Mama Kingu akitaja majina: hao watakuwa wa mtaa wa kanisani, hao wa shuleni, hao wanabeba wazee wao mgongoni ndiyo maana wanachelewa. Ikapanda polepole zaidi, ikaja moja, ikaja nyingine baada ya kimya.

Kisha ikatulia.

Siwema alikuwa anajua namba ya zamani, ilikuwa imemkaa machoni kutoka kwenye skrini iliyoganda, na hii mpya haikuifikia. Hakuitaja. Mama Kingu naye alikuwa ameiona.

"Bado wanakuja," alisema Mama Kingu.

"Huenda."

"Nitoe mimi kwenye hesabu. Mimi niko hapa, siwezi kuweka kidole kule."

"Nimekutoa, mama."

"Mtoe Elifasi, mdogo wangu, alikwenda Itigi kutafuta mahindi."

"Nimemtoa."

"Na mkewe, walikwenda pamoja. Na yule mwalimu mgeni, alirudi kwao. Na wale vijana wawili waliofukuzwa getini, walisema hawarudi kijijini mikono mitupu."

"Nimewatoa wote."

Makofi yalikuwa yamekoma zamani. Mtu mmoja alianza kurudi kwenye meza yake kwa nyayo laini. Mama Kingu alikuwa anahesabu kwa vidole vyake, anavikunja, anavikunjua, macho kwenye skrini.

"Mtoe na binti Msengi, anajifungulia kwa mama yake. Na baba yake Petro, yule ni wa kuhamahama." Akasita. "Bado ngapi?"

Siwema alimwonyesha kwa kidole.

Mama Kingu alitazama pale alipoonyeshwa. Alikunja kidole kimoja, akakikunjua. Majina ya waliosafiri yalikuwa yamemwishia.